Maiti Isiyokaa Mochwari

The Trees, riwaya ya Mmarekani Percival Everett iliyotoka mwaka 2021, ni kitabu cha upelelezi kinachochekesha kuhusu mauaji yasiyochekesha hata kidogo. Kisa chake kinaanzia Money, kijiji cha jimbo la Mississippi, katika miaka hii yetu. Kiini chake lakini ni uhalifu wa Agosti 1955, wakati Emmett Till, mvulana Mweusi wa miaka 14, alipochukuliwa kitandani usiku, akateswa, akauawa na kutupwa mtoni. Wauaji walijulikana, wakashtakiwa, wakaachiwa huru. Ndani ya riwaya, zaidi ya miaka 60 baadaye, maiti inayofanana na ya kijana huyo inaanza kukutwa kando ya miili ya Wazungu wa ukoo wa wauaji. Polisi wanaipeleka mochwari, inatoweka, kisha inaibuka penye mauaji mengine. Msomaji anacheka, halafu anajiuliza anacheka nini.

Sehemu kubwa ya ucheshi huo imechotwa kwenye kesi yenyewe, na asiyeijua kesi atapitwa na mzaha mkali kuliko yote uliomo kitabuni.

Emmett Till alizaliwa Chicago tarehe 25 Julai 1941, mtoto pekee wa Mamie Till. Agosti 1955 alikwenda likizo Mississippi kwa babu yake Mose Wright, mume wa dada yake bibi mzaa mama, mkulima wa pamba aliyekuwa pia mhubiri. Jioni ya tarehe 24 yeye na vijana wenzake walikwenda kwenye duka la Bryant pale Money kununua peremende. Aliyekuwa akiuza ni Carolyn Bryant, mwanamke wa Kizungu wa miaka 21, mke wa mwenye duka. Yaliyosemwa ndani ya duka yamebishaniwa hadi leo. Jamaa waliofuatana na Emmett walieleza kwamba alipiga mluzi. Carolyn alidai kwamba alimshika na kumtolea maneno machafu. Katika Mississippi ya wakati ule, mluzi peke yake ulitosha kumpeleka mtu kaburini.

Usiku wa kuamkia tarehe 28, Roy Bryant, mume wa Carolyn, na J. W. Milam, nduguye Roy kwa mama, walifika nyumbani kwa Mose Wright na tochi na bastola, wakamchukua mtoto. Siku tatu baadaye mwili ulionekana katika Mto Tallahatchie. Shingoni palikuwa na pangaboi la chuma la mashine ya kuchambulia pamba, lenye uzito wa kilo 34 hivi, lililofungwa kwa seng'enge. Uso ulikuwa umeharibika kiasi kwamba Mose Wright aliutambua mwili kwa pete yenye herufi L.T., za baba yake Emmett, Louis Till.

Wakuu wa Mississippi walitaka mwili uzikwe hukohuko, haraka. Mamie Till alikataa, akaudai urudishwe Chicago, na ulipofika akaagiza jeneza liachwe wazi ili watu waone mwanawe alivyofanywa. Makumi ya maelfu walipita mbele yake. Jarida la Weusi la Jet lilichapisha picha, na picha hizo zikaingia nyumba kwa nyumba. Miezi mitatu baadaye mgomo wa mabasi wa Montgomery ulianza, na wanahistoria wengi huhesabu jeneza lile kuwa moja ya vyanzo vya vuguvugu la haki za raia.

Kesi ilisikilizwa Sumner mwezi Septemba. Uamuzi ulikuwa mikononi mwa wazee wa baraza 12, wanaume wa Kizungu watupu, kwani wazee hao walichaguliwa kutoka orodha ya wapiga kura na Weusi wa kaunti ile hawakuwamo. Mose Wright alisimama kizimbani na kuwanyoshea kidole wauaji mbele ya umma, jambo ambalo mtu Mweusi wa Mississippi hakulifanya ila awe tayari kuhama jimbo, naye alihama. Upande wa utetezi haukuwa na hoja kuhusu waliomchukua mtoto, kwa hiyo ulishika hoja nyingine: mwili uliotolewa mtoni haukuwa wa Emmett Till. Sherifu H. C. Strider, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta ushahidi dhidi ya wauaji, alipanda kizimbani kuwatetea. Alisema mwili ulikuwa umeoza mno, hata asingeweza kujua kama ni wa Mweusi au wa Mzungu, ingawa siku ulipopatikana alikuwa ameukabidhi kwa mzishi Mweusi bila kusita. Nje ya mahakama alikwenda mbali zaidi. Alidai kwamba huenda kijana yu hai, na kwamba NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, ndicho kilichotafuta maiti mahali na kuitumbukiza mtoni ili kuichafua Mississippi.

Baraza lilitumia dakika 67. Mzee mmoja alisema wangemaliza mapema zaidi kama wasingesimama kunywa soda. Washtakiwa waliachiwa tarehe 23 Septemba, na Januari 1956, wakijua kwamba sheria ya Marekani haimruhusu mtu kushtakiwa mara mbili kwa kosa lile lile, wakamsimulia mwandishi wa jarida la Look jinsi walivyoua. Walilipwa kwa simulizi hiyo. Milam alikufa mwaka 1980 na Bryant mwaka 1994, wote kwa maradhi. Mtunzi wa vichekesho akibuni habari ya namna hii, mhariri atamrudishia akisema ametia chumvi kupita kiasi.

Hapo ndipo Everett anapoingia. Mwanzoni mwa riwaya familia ya Kizungu imekaa uani: Wheat Bryant, mtoto wa Roy; binamu yake Junior Junior Milam, mtoto wa J. W.; na kikongwe Granny C, ambaye ndiye Carolyn. J. W. katika riwaya aliitwa Junior, kwa hiyo mtoto hakuwa na jinsi. Kikongwe ameingiwa na mawazo, na anapoulizwa ana nini, anajibu kwamba anaukumbuka uongo aliomsingizia yule kijana zamani. Jamaa zake wanambembeleza asijisumbue na mambo yaliyopita. Baada ya muda mfupi Junior Junior anakutwa amekufa nyumbani kwake, kichwa kimepondwa, seng'enge imemzunguka shingoni, naye amehasiwa. Pembeni yake amelala mtu Mweusi aliyevaa suti ya zamani, uso umevimba hautambuliki, mkononi ameshika korodani za marehemu.

Maiti ile ya pili inatoweka mochwari. Wheat anauawa vivyo hivyo, na mtu yule yule aliyekufa anakutwa kando yake, korodani mkononi. Granny C naye hafiki mbali. Polisi wa Money wanachanganyikiwa: je, marehemu ndiye muuaji? Anayekufa mara mbili anashtakiwa kwa sheria ipi? Ofisi ya upelelezi ya jimbo inawatuma Ed Morgan na Jim Davis, wapelelezi wawili Weusi wenye midomo, na baadaye FBI inamleta Herberta Hind, mwanamke Mweusi ambaye kila mzungumzaji wa kijijini anashindwa kuamini kwamba ndiye bosi.

Mtu aliyesoma mwenendo wa kesi ya 1955 anashtuka hapa, kwa kuwa ameuona mzaha. Sherifu Strider alidai kuna watu walioleta maiti ngeni na kuiweka mahali ili kuwaumbua Wazungu wa Mississippi. Everett anauchukua uongo ule na kuutimiza kama ulivyosemwa. Wapelelezi wake wanakuja kugundua kwamba maiti ya Money inahusiana na kampuni moja ya Chicago inayouza maiti kwa vyuo na maabara, Chicago ileile alikotoka Emmett. Naam, katika riwaya hii kuna mtu anayepanga maiti makusudi, na zinaumbua kweli. Dai lililowaokoa akina baba linarudi kuwamaliza watoto. Ni kisasi cha kifasihi cha aina ya pekee, na hakuna hata sentensi moja ya kitabu inayosimama kukieleza. Aliyejua kesi anacheka peke yake.

Kuchekesha juu ya maiti kunahitaji ruhusa, na jamii nyingi zina mtu aliyepewa ruhusa hiyo. Katika makabila mengi ya Tanzania ni mtani: anamwiga marehemu alivyotembea, anadai madeni yake, hata anajilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa hayajakauka. Everett amejipa kazi ya mtani, ila hamgusi aliyeuawa. Emmett Till hatendewi mzaha hata mahali pamoja. Wanaotaniwa ni waliomuua, waliowaficha, na waliorithi nyumba na magari yao pamoja na chuki yao.

Njia zake za kuchekesha ni za zamani na hazioni haya. Majina ni ya vituko: manaibu wa sherifu wanaitwa Delroy Digby na Braden Brady, mchunguzi wa vifo, ambaye pia ni mchungaji na mwanachama wa Ku Klux Klan, anaitwa Cad Fondle, na mtaa mmoja wa Money, kijiji ambacho jina lake lina maana ya fedha, unaitwa kwa jina la chenji. Money yenyewe ni kijiji halisi, na duka la Bryant lipo hadi sasa, gofu lililofunikwa na magugu. Wabaguzi wa riwaya ni wajinga wasiojijua, wanaofanya mkutano wa Klan na kushindwa kukumbuka taratibu zake. Wako wahakiki waliolalamika kwamba Wazungu hao wamechorwa kama vikaragosi. Wamechorwa hivyo kweli. Kwa zaidi ya karne moja majukwaa, sinema na vitabu vya Marekani vilimchora Mweusi wa kusini kama kikaragosi mwoga, mvivu, mwenye maneno yaliyokatikakatika, na Everett anachofanya ni kuigeuza kamera upande wa pili na kuiacha hapo kwa kurasa mia tatu hivi. Anayechoka kuangalia ameelewa somo bila kufundishwa.

Lugha ya wapelelezi ndiyo inayoshikilia kitabu. Ed na Jim wanaongea kama watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi: maneno machache, kebehi nyingi, hofu iliyofichwa chini ya dhihaka. Wanajua walipo. Wanaingia mgahawani na kuona macho yakigeuka, wanaagiza chakula, wanauliza maswali, wanaondoka na taarifa ambazo sherifu Red Jetty asingepewa kwa mwezi mzima. Sura ni fupi mno, nyingine ukurasa mmoja, na ni zaidi ya 100, hivyo kitabu kinakimbia kama riwaya za upelelezi za bei nafuu zinazosomwa safarini. Huo ni mtego. Msomaji anaingia kwa kasi ya hadithi za polisi, na akishakolea, kasi inakatwa.

Inakatwa nyumbani kwa Mama Z. Huyu ni kikongwe Mweusi wa miaka 105, anayesemwa kijijini kuwa mchawi, bibi mzaa bibi wa Gertrude, mhudumu wa mgahawa wa Money. Baba yake aliuawa na umati mwaka aliozaliwa yeye, 1913, na hakuna aliyekamatwa. Mama Z amekusanya habari za kila mtu aliyeuawa na umati katika Marekani tangu mwaka huo. Chumba kizima kimejaa makabati ya mafaili, faili moja kwa kila mfu. Watu Weusi waliopigwa risasi na polisi nao wamo, kwani kwake hakuna tofauti. Gertrude anamleta Damon Thruff, msomi mwenye shahada nyingi, ili ayasome. Damon amewahi kuandika kitabu cha kitaaluma kuhusu ukatili wa kibaguzi bila kuonyesha hasira yoyote, na Mama Z anamkemea kwa hilo. Akiwa katikati ya makabati, msomi anaacha mbinu zake zote na kuanza kuandika majina kwa penseli, moja baada ya jingine. Nia yake ni kuyafuta baadaye kwa raba, kila jina likifutwa mwenyewe awe amefunguliwa.

Everett anayachapa majina hayo. Kurasa kadhaa hazina kitu kingine, majina tu, watu waliokuwepo kweli, na kati yao wasiojulikana majina wameandikwa hivyo hivyo kwamba hawajulikani. Hakuna mzaha. Msomaji ambaye amekuwa akicheka tangu ukurasa wa kwanza anaweza kuruka, na wengi huruka, kisha wanarudi kwa aibu kusoma angalau safu moja. Hapa ndipo penye uzito wa kitabu, na kicheko chote cha awali kilikuwa maandalizi ya kumfikisha msomaji hapa akiwa hajajikinga.

Makabati ya Mama Z ni ya kubuni, lakini kazi ya kuhesabu wafu hao ilifanywa na watu halisi. Ida B. Wells, mwandishi wa habari aliyezaliwa utumwani Mississippi mwaka 1862, alianza kuchapisha takwimu na majina katika miaka ya 1890, baada ya marafiki zake watatu kuuawa Memphis, na akaonyesha kwamba kisingizio cha kubaka wanawake wa Kizungu mara nyingi kilikuwa uongo uliofunika ushindani wa biashara au mapenzi ya hiari. Ofisi yake ya gazeti ilivunjwa naye akabaki uhamishoni kaskazini. Chuo cha Tuskegee kilitunza hesabu kwa miongo mingi, na jumla yake ni watu 4,743 waliouawa na umati kati ya 1882 na 1968, kati yao Weusi 3,446. Mississippi ndiyo iliyoongoza. Mwaka 2018 makumbusho ya wafu hao yalifunguliwa Montgomery, Alabama, yakiwa na zaidi ya nguzo 800 za chuma zinazoning'inia, kila moja ikiwakilisha kaunti na majina ya waliouawa humo.

Ripoti za vifo hivyo zilikuwa na kauli moja iliyorudiwa kwa miongo: marehemu ameuawa na watu wasiojulikana. Iliandikwa hata pale ambapo maelfu walihudhuria, watoto walipewa ruhusa shuleni, na picha za umati ukitabasamu chini ya mti ziliuzwa kama kadi za posta. Msomaji wa magazeti ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana jinsi kauli ya namna hiyo inavyofanya kazi. Riwaya inaigeuza kichwa chini miguu juu. Safari hii Wazungu ndio wanaokufa, na safari hii polisi, FBI na Ikulu hawajui kweli nani anaua. Jina la kitabu, miti, linatoka kwenye miti hiyo ya kunyongea, ileile iliyoimbwa na Billie Holiday katika wimbo wa Strange Fruit mwaka 1939.

Asiyetaka kujua mwisho na aruke aya hii na mbili zinazofuata. Mauaji ya mwanzo ya Money yana wahusika wa kibinadamu. Gertrude, Mama Z na wenzao waliyapanga, wakapata maiti, wakamaliza hesabu ya familia mbili. Lakini mauaji yanaendelea mahali ambapo hawajatuma mtu. Yanatokea majimbo ya kaskazini na magharibi, Wazungu wanakutwa wamekufa, na kando ya baadhi yao wamelala wafu wa Kichina. Marekani ilikuwa na mauaji ya umati ya Wachina pia, na mojawapo ya mabaya zaidi ni ya Rock Springs, Wyoming, tarehe 2 Septemba 1885, ambapo wachimba makaa 28 waliuawa na hakuna aliyetiwa hatiani. Mwisho wa riwaya makundi ya wafu wanatembea nchi nzima, hawakamatiki, na upelelezi umekufa kifo chake cha asili kwa sababu hakuna tena cha kupeleleza.

Katika theluthi hii ya mwisho kitabu kinapungua makali. Rais anayefanana mno na Donald Trump anatokea na kutoa hotuba ya kibaguzi, na mzaha wake ni wa kila siku, wa aina ambayo wachekeshaji wa televisheni walikwisha kuumaliza. Matukio yanarudiwarudiwa kutoka mji hadi mji. Inawezekana kurudia huko ni makusudi, kwani mauaji yenyewe yalijirudia namna hiyo, lakini makusudi hayampunguzii msomaji uchovu. Tukio la mwisho kabisa linakirudisha kitabu kwenye mstari wake: Damon yu mezani anaandika majina, na Mama Z anawageukia wapelelezi na kuwauliza kama amzuie. Jibu halitolewi.

Swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Junior Junior na Wheat hawakumuua Emmett Till. Walikuwa watoto au hawajazaliwa. Ni wabaguzi, ni wavivu, ni watu wasiopendeza, lakini hakuna mahakama inayonyonga mtu kwa kutopendeza. Riwaya haidai kwamba kisasi hicho ni haki. Inaonyesha jambo jingine lenye kusumbua zaidi: kwamba msomaji, akichekeshwa vizuri, anaweza kushuhudia mauaji kumi bila kumhurumia aliyeuawa, kama watu wa kawaida wa Mississippi walivyoweza kushuhudia na kurudi nyumbani kula chakula cha jioni. Ed, Jim na Herberta Hind wamekaa katikati ya mgogoro huo. Wameapa kulinda sheria, na sheria wanayoilinda ndiyo ile iliyowaachia Bryant na Milam. Wanazidi kusitasita kadiri ukweli unavyokaribia, na Everett, ambaye kabla ya kuandika alisomea falsafa, anawaacha wasitesite.

Mwandishi mwenyewe alizaliwa mwaka 1956 Fort Gordon, Georgia, mwaka mmoja baada ya kifo cha Till, akakulia Columbia, South Carolina. Riwaya yake ya kwanza, Suder, ilitoka mwaka 1983, na tangu hapo ameandika vitabu zaidi ya ishirini huku kwa miaka mingi akifundisha katika Chuo Kikuu cha Southern California. Kwa muda mrefu alisomwa na wachache. Erasure, ya mwaka 2001, inamhusu mwandishi Mweusi anayechoshwa na wachapishaji wanaotaka Weusi waandike mambo ya mitaa ya mabanda tu, akaandika kitabu kibovu kwa dhihaka, kikapata umaarufu. Ndiyo iliyotengenezewa filamu ya American Fiction mwaka 2023. James, ya 2024, inayosimulia upya safari ya Huckleberry Finn kwa mdomo wa mtumwa Jim, ilimpatia Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani na kisha Pulitzer ya 2025.

The Trees ndiyo iliyofungua mlango huo. Mwaka 2022 iliingia orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker. Iliyoshinda ilikuwa ya Shehan Karunatilaka wa Sri Lanka, nayo ni riwaya ya mzaha mchungu inayosimuliwa na mpiga picha aliyekwisha kuuawa. Inaonekana wafu walikuwa na mwaka mzuri. Mwaka huo huo The Trees ilishinda tuzo ya Uingereza ya vitabu vya kuchekesha iliyopewa jina la P. G. Wodehouse, ambayo desturi yake ni kumpa nguruwe jina la kitabu kilichoshinda. Kitabu chenye kurasa za majina ya walionyongwa kikapata nguruwe. Everett asingeweza kubuni hilo.

Kesi halisi nayo ilikuwa haijatulia. Wizara ya Sheria ya Marekani iliifungua tena mwaka 2004, na mwaka uliofuata mwili ulifukuliwa makaburini nje ya Chicago. Vipimo vya vinasaba vilithibitisha kwamba aliyezikwa ni Emmett Till. Dai la Sherifu Strider lilisubiri nusu karne kupata jibu rasmi. Mwaka 2007 jopo la raia la Kaunti ya Leflore lilikataa kumshtaki Carolyn, ambaye sasa aliitwa Carolyn Bryant Donham. Mwaka 2017 mwanahistoria Timothy Tyson alichapisha kitabu akieleza kwamba Carolyn alimkiria kuwa sehemu ya ushahidi wake haikuwa ya kweli. Wizara ilichunguza, na Desemba 2021, miezi michache baada ya riwaya kutoka, ikafunga jalada ikisema haikuweza kuthibitisha kukiri huko. Granny C wa kitabuni alikwisha kukiri kwenye kurasa za mwanzo.

Machi 2022 Rais Joe Biden alisaini sheria iliyopewa jina la Emmett Till, inayoyafanya mauaji ya umati yenye chuki kuwa kosa la shirikisho lenye kifungo cha hadi miaka 30. Mswada wa kwanza wa aina hiyo ulipelekwa bungeni mwaka 1900 na George Henry White, mbunge pekee Mweusi wa wakati ule, na baada yake miswada ya namna hiyo ilishindikana takriban mara 200. Juni ya mwaka huo huo watafiti, wakiwemo ndugu wa Emmett, waliingia chumba cha chini cha mahakama ya Leflore na kukuta ndani ya boksi hati ya mwaka 1955 iliyoagiza Carolyn akamatwe kwa utekaji. Haikuwahi kutekelezwa; wakati ule sherifu wa kaunti hiyo alisema hakutaka kumsumbua mama mwenye watoto wadogo. Jopo jingine lilikaa Agosti 2022 na kukataa tena kumshtaki.

Riwaya ilikuwa imemuua Granny C wakati Carolyn halisi akiwa bado hai. Carolyn Bryant Donham alikufa Louisiana mwezi Aprili 2023, akiwa na miaka 88. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kutiwa hatiani kwa kifo cha Emmett Till.